Aprikoti kavu kwa mtoto mwenye pumu?

Mama wa Ipuli, Tabora: Wapendwa, wifi kaniletea kilo moja ya aprikoti kavu za Uturuki, yale matunda madogo. Nataka nizitwange na karanga za kukaanga, nichanganye na asali yetu ya miombo, niviringe vitufe vya kubeba shuleni. Ila mwanangu wa darasa la 2 ana pumu, roho inasita.

Jibu: Dada, tazama rangi. Zinazong'aa chungwa zimetiwa salfa dioksidi, kemikali ya kuhifadhi matunda, inaweza kumbana kifua mwenye pumu. Zisizotiwa huwa za kahawia.

Mama wa Ipuli: Zinang'aa! Nimeziondoa mezani, asante sana.

Jibu: Shoga, tumia embe dodo. Kata vipande vyembamba, uanike juani chini ya chandarua, mvua ikitisha ingiza ndani. Wanangu wanazigombania.