Manesi wenzangu, kanula mnabadilisha kila siku ya 3 au mnaiacha mpaka ilete shida?

Nesi wa Zamu
Habari za kazi wadau. Nimerudi kituoni mwaka huu baada ya kumaliza digrii, nipo wodi ya upasuaji wanaume. Chuoni tulihubiriwa sana mambo ya kutumia tafiti kwenye kumhudumia mgonjwa, nikasema nianze na kitu kidogo tu, kanula, kale kamrija ka dripu kanakokaa kwenye mshipa wa mkono. Wodini kwetu sheria ni masaa 72, ikifika siku ya tatu unatoa unachoma mkono mwingine hata kama ile ya zamani inapitisha dripu vizuri na mgonjwa hajalalamika. Juzi kuna mzee mishipa yake yote imeshajificha, nimemchoma mara nne, ya tano ndo ikakubali, na ile niliyoitoa ilikuwa haina tatizo lolote. Mzee akaniangalia akasema "mwanangu, ile ilikukosea nini?" Nikakosa jibu.

Basi nikaprinti ule utafiti wa Australia uliotoka kwenye jarida la Lancet 2012, wa Claire Rickard na wenzake, hospitali 3 za Queensland, wagonjwa 3283, nusu wanabadilishiwa kila siku ya tatu na nusu wanaachwa mpaka kuwe na sababu. Mshipa kuvimba ikatoka asilimia 7 huku, asilimia 7 kule. Na Rickard mwenyewe ni nesi, hilo nilitamba nalo kweli kweli. Inchaji, nesi mkuu wa wodi, kasoma ukurasa wa kwanza, kanirudishia, "hao wako Australia." Mwisho wa mazungumzo. Nyie kwenu mlipenyaje?

Mzee wa Hendiova
Pole mdogo wangu, ila inchaji wako mimi namuelewa japo kakujibu kwa mkato. Wewe umesoma matokeo, sasa rudi ukasome walivyofanya. Kule kulikuwa na manesi wa utafiti wanapita kila siku kukagua kila kanula, iwe ya kundi hili au lile. Huku usiku nesi mmoja ana vitanda 30 na kitu, mgonjwa mmoja anatapika mwingine katoka theatre, nani anakumbuka kushika mkono wa mtu aliyelala? Ukifuta masaa 72 halafu ukaguzi haupo, kanula inakaa siku nane hakuna anayejua nani aliiweka, maana hata tarehe haijaandikwa. Kwenye wodi isiyokagua, yale masaa 72 ndo ukaguzi wenyewe, angalau kila siku ya tatu kuna mtu analazimika kuangalia.

Na usibebe utafiti mmoja. Geneva kule Uswisi hospitali ya chuo kikuu waliacha kubadilisha kwa ratiba, wakafanya hivyo hivyo unavyotaka, maambukizi ya damu yanayotokana na kanula yakapanda, wakarudi kwenye ratiba yakashuka. Ripoti yao imetoka 2021. Inchaji wako akiipata hiyo kabla yako umekwisha.

Nesi wa Zamu
Dah. Hiyo ya Geneva nilikuwa sijaiona, ahsante kaka. Ila ya mzee wangu je, tuendelee kumchoma mara tano kwa sababu sisi hatukagui?

Pwani Moja
Huku kwetu Mombasa hiyo sheria inajifuta yenyewe, stoo ikiisha kanula hakuna wa kubadilisha chochote 😂 Inakaa mpaka ife yenyewe. Hatujasoma utafiti wowote.

dada_wa_mbali
Mimi niko Uingereza mwaka wa sita sasa. Huku tunabadilisha kukiwa na sababu tu, lakini kila shifti unajaza alama za kanula kuanzia 0 mpaka 5. Sehemu iko safi ni 0. Kuna wekundu kidogo au maumivu kidogo, 1, unaendelea kuangalia. Ukiona mawili kati ya maumivu, wekundu na uvimbe hiyo ni 2, toa weka kwingine, usisubiri usaha. Haichukui hata dakika. Sasa msidhani huku ni peponi, nimewahi kukuta kanula imejazwa 0 vizuri kabisa na sahihi juu, nikamfunua mgonjwa mkono hana kanula, ilitolewa jana yake.

Kwa hiyo mdogo wangu anza na hizo alama, masaa 72 yaache kwanza. Mkishazoea kujaza kweli, miezi miwili mitatu, ndo unarudi kwa inchaji na karatasi za wodi yenu, hapo hawezi kukwambia habari za Australia.

Mama Zai
Samahanini mimi sio mtu wa afya nimepita tu. Mama yangu alilazwa mwaka jana (hospitali siitaji), dripu ziliisha Ijumaa dawa akawa anameza vidonge, ile sindano ya mkononi ikabaki mpaka Jumatatu mkono ukawa kama andazi, moto. Nikiuliza naambiwa "ikihitajika tena tusimchome upya." Sasa mnabishana siku tatu au siku ngapi, mimi nauliza, ambayo haina kazi inakaa ya nini?

Mzee wa Hendiova
Mama Zai katumaliza wote. Hilo halihitaji utafiti wala kikao.

Nesi wa Zamu
Wadau mrejesho. Usiku wa jana kabla ya kukabidhi nilipita kitanda kwa kitanda na daftari. Kanula sita hazina kazi, wagonjwa wanameza vidonge, moja mkono umeanza kuwa mwekundu na mgonjwa anasema alidhani ndo kawaida yake. Zenye tarehe kwenye plasta ni mbili tu, zote nimeziweka mimi. Sita nimezitoa, namba nimempelekea inchaji asubuhi bila kutaja Lancet wala Geneva. Kasoma yote safari hii. Kasema Jumatano niiseme kwenye kikao cha WIT (timu ya kuboresha kazi), tuanze na kuandika tarehe na kukagua wakati wa hendiova, yaani tukikabidhiana zamu, masaa 72 yabaki kama yalivyo, nikakubali. Halafu kaniuliza makapeni ya kuandikia hizo tarehe itatoka wapi maana stoo hawana. Nimenunua mbili hapo getini.