Taa za nje: zile kubwa nyeupe za sola au za ukutani zenye kofia? Fundi anasubiri jibu

MjenziKigamboni
Habari za jioni wakuu. Nyumba imefika hatua ya umaliziaji na fundi anataka jibu kabla ya Jumamosi. Yeye anashauri taa nne kubwa za sola za wati 200, nyeupe, moja kila kona ya ukuta, "pawe mchana kabisa". Mke wangu anataka zile za ukutani zinazotoa mwanga juu na chini, kaziona Instagram. Mimi nataka kitu kisichong'aa kupita kiasi. Nimekulia kijijini, nyota nilikuwa nazijua, na hapa Dar mwaka wa 11 huu Kilimia hata sijui kiko wapi. Zipi bora?

FundiWaya
Bora kwa lipi? Ulinzi, urembo au nyota? Hujasema ukubwa wa kiwanja, urefu wa ukuta, TANESCO ipo au haipo, mlinzi unaye au huna, na mfukoni una shilingi ngapi. Hapa tunapiga ramli tu.

KibopaWaMbezi
Weka nne nyeupe, maliza kazi. Mwizi anaogopa mwanga. Habari za nyota wachieni Wazungu.

MamaSwaumu
Kaka Kibopa, hata mimi niliamini hivyo hivyo. Mwaka 2021 niliweka tatu za umeme, wati 50 kila moja, boksi limeandikwa 6500K, nyeupe mpaka inakaribia bluu. Wiki ya kwanza raha, unaokota sindano uani. Ikaja mvua ya kwanza ya vuli. Jamani, kumbikumbi! Tulifungua mlango mara moja tu kumpokea baba watoto, asubuhi tukafagia mabawa kwa koleo. Nyuma ya kumbikumbi wakaja vyura, na nyuma ya vyura mnamjua anayekuja.

Taa ya kona nayo ilikuwa inamulika dirisha la jirani, chumba anacholala mama yake mzee. Alikuja kistaarabu mara mbili, mara ya tatu akaenda kwa mjumbe. Nikaona anatuonea wivu.

Sasa sikieni la ulinzi wenyewe. Mlinzi anakaa chini ya taa, akitazama nje ya geti haoni kitu, kiza kitupu, kwa sababu jicho lake limeshazoea ule mwanga. Walioko gizani wao wanamwona mpaka kifungo cha shati. Wakaingilia upande wa choo cha nje, pale taa ilipokuwa inatupa kivuli kizito cha ukuta, wakabeba pampu ya maji na, msicheke, taa moja.

Siku hizi nina balbu za wati 9 za njano, kila moja ina kofia ya bati inayoelekeza mwanga chini, na ya uani ina sensa. Ikiwaka ghafla naamka. Inayowaka usiku kucha haimshtui mtu yeyote.

KibopaWaMbezi
Pole dada, lakini tatizo hapo ni mlinzi, si taa.

FundiWaya
Na LUKU je? Tatu za wati 50 kwa saa 12 ni uniti 1.8 kwa usiku, yaani 54 kwa mwezi. Aliye kwenye tarifa ndogo ya uniti 75 anabakiwa na 21 za friji na pasi.

Mleta mada, hiyo "wati 200" ya sola usiiamini. Paneli halisi ya wati 200 inakaribia mita moja ya mraba. Ya kwako ikoje? Kama sinia ya chai, basi ujue. Na hizo za shemeji yetu za juu na chini, nusu ya mwanga unaulipia uende mawinguni. Mwambie zipo za chini tu, na ni nzuri vilevile.

MjenziKigamboni
Samahani wakuu, nilikuwa safarini. TANESCO ipo. Kiwanja mita 20 kwa 30, ukuta futi 7, mlinzi sina ila nina mbwa wawili. Bajeti laki nne. Nilisahau kusema, kutoka ukutani mpaka ufukweni ni kama mita 70 hivi, na katikati hakuna nyumba.

NahodhaMstaafu
Umesahau? Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo! Fukwe za huko Kigamboni kasa wanapanda kutaga, waulize shirika la Sea Sense, wamelinda viota na watu wa vijiji miaka mingi. Kasa jike akikuta ufuko unang'aa hugeuza, anarudi majini. Vitoto navyo hutoka mchangani usiku na kufuata upande wenye mwanga kuliko pengine, na tangu enzi upande huo ni bahari. Ukiweka mchana wako juu ya ukuta, vitapanda kuja kwako. Kaa na kunguru watashukuru.

Upande wa baharini usiweke taa kabisa. Ikikulazimu, iwe chini ya kiuno, imefunikwa, na rangi ya kaharabu, ile inayoelekea machungwa.

TichaFizikia
Naongezea hapo. Balbu ya njano ya 2700K bado ina bluu ndani yake, kidogo tu. LED nyeupe ni LED ya bluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga kuwa njano. LED ya kaharabu halisi, ya nanomita 590 hivi, karibu haina bluu. Na bluu ndiyo inayotawanyika hewani kirahisi, ndiyo maana anga la mchana ni bluu na anga la Dar usiku halina nyota. Ukikosa kaharabu, basi 2200K, njano zaidi ya hiyo, na wati chache.

KibopaWaMbezi
Ngoja kwanza. Mita 70 umepima kutoka wapi? Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema usijenge ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ukipima maji yakiwa yamekupwa unajidanganya.

MjenziKigamboni
Nilipima kwa hatua. Yalikuwa yamekupwa.

KibopaWaMbezi
😂😂 Wakuu, huyu hahitaji taa, anahitaji wakili.

NahodhaMstaafu
Siku ya bamvua, maji yakijaa kupita kawaida, nenda na futi kamba, uone yanafika wapi. Mimi nimeona watu wanajenga kwenye maji wakidhani ni mchanga.

FundiWaya
Turudi kwenye taa jamani. Mbwa na sensa ni ugomvi. Sensa inanasa joto linalotembea, haichagui mwizi na mbwa. Ifunge juu na uipunguzie umbali, la sivyo itawaka na kuzima mpaka asubuhi.

MamaSwaumu
Wangu alijifunza kulala palepale chini yake. Nadhani anaupenda huo mwanga.

KibopaWaMbezi
Bado nasema nyeupe. Kamera zangu kwenye njano hazioni rangi ya gari.

TichaFizikia
Kamera nyingi za usiku zina mwanga wake wa infraredi, hazihitaji taa yako. Picha inatoka nyeusi na nyeupe, sawa, lakini sura utaiona.

KibopaWaMbezi
Nimesema rangi ya gari, Ticha. Soma vizuri.

NahodhaMstaafu
Kijana, ulimuulizia Kilimia. Desemba, saa nne usiku, tazama juu upande wa kaskazini, kishada kidogo cha nyota zilizobanana. Sisi tulikuwa tunahesabu sita. Mjukuu wangu wa Sinza anahesabu mbili, na miwani anayo.

MjenziKigamboni
Asanteni wote. Kuna jambo sikulisema. Fundi alishanunua mbili Kariakoo wiki iliyopita, kabla hata sijaandika hapa, na duka halirudishi. Mke wangu naye kasema za chini tu hazipendezi.

FundiWaya
Paneli zina ukubwa gani?

MjenziKigamboni
Sinia ya chai.

KibopaWaMbezi
Unaziuza bei gani? Niko serious, njoo PM.