Breki ya pikipiki yangu ina kasoro ya kiwandani, wakala hataki kubadilisha bure. Naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nina pikipiki kubwa niliyoinunua hapa Dar kwa mtu aliyeiagiza ikiwa used kutoka Uingereza. Breki ya mbele inanitisha: ukiibana kwenye foleni, mkono wa breki unazama taratibu mpaka unagusa mshikio. Fundi ametoa upepo kwenye mfumo wa breki, akabadilisha mafuta ya breki na pedi. Ikatulia kidogo, ikarudi kule kule.

Nikaangalia modeli na mwaka kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, kisha nikaingiza chesisi namba kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kumbe pikipiki hizi ziliitwa zirudishwe kwa sababu ya masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) ya breki ya mbele, na yangu haijawahi kufanyiwa marekebisho! Kule marekebisho haya ni bure, hata kama umeinunua mkononi mwa mtu.

Wakala wa mtengenezaji hapa anasema hawakuiuza wao, hivyo nilipie kifaa na ufundi. Bei aliyonitajia, nacheka tu. Nimeandika barua pepe kiwandani, nao wamenirudisha kwa wakala huyo huyo.

Kwa sasa nimeipaki. Fundi ananishawishi tubadilishe mipira ya ndani ya masta silinda tu, ila kwa breki sitaki kubahatisha.

Naomba kujua: kuna aliyefanikiwa kubadilishiwa bure kwa pikipiki ya kuagiza, na alidaiwa nyaraka gani? Pili, malalamiko haya niyapeleke FCC (Tume ya Ushindani) au TBS (Shirika la Viwango)?