Kafyu, mzinga na methadoni: tupeane uzoefu

Mzamili (mfungua mada): Wadau, kafyu ya corona nchini Kenya ilianza Machi 27, 2020, saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri, ikaondolewa Oktoba 20, 2021. Mnaohudumia walevi na watumiaji wa unga (heroini), nini hasa kiliharibika? Visa vya watu tuviache, tupeane mbinu.

Nesi wa Bara: Kipimo. Baa zilipofungwa, wengi waliacha bia wakashika mzinga, yaani chupa kubwa ya pombe kali, nyumbani. Mzinga wa mililita 750 wenye asilimia 40 una pombe sawa na bia 12 za mililita 500 zenye asilimia 5. Na nyumbani hakuna wa kukwambia tunafunga. Mtu akisema "glasi mbili tu", usiandike. Mwambie alete glasi yenyewe, amimine maji hadi anapozoea, kisha uyapime kwa bomba la sindano.

Daktari Mstaafu: Kuna hatari pia ya kukatiza pombe ghafla. Anayelewa kila siku akikosa, huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huja zaidi ndani ya saa 48. Siku ya 2 hadi ya 4 anaweza kuweweseka, akaona wadudu ukutani. Familia husema jini au malaria, wakati wa kafyu wakangoja kupambazuke. Hali hiyo haingoji, mpelekeni usiku huohuo. Hospitalini atapewa diazepamu, dawa ya kutuliza, na vitamini B1 itangulie dripu ya glukosi: mwili ulioishiwa B1 ukijazwa sukari, ubongo unaweza kuumia. Diazepamu ya kujinunulia juu ya pombe hukata pumzi, msijaribu.

Kijana wa Kisauni: Upande wa unga: methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, humezwa kila siku mbele ya mhudumu. Matatu zilipopunguziwa abiria na nauli kupanda, watu walikosa dozi. Ukikosa siku 3 mfululizo, usidai dozi yako ya zamani, ipitiwe upya. Siku 5 au zaidi, kwa kawaida unaanzia chini, miligramu 20 hadi 30, maana mwili umeshasahau. Anayeziba arosto (maumivu ya kukosa unga) kwa bugizi (vidonge vya usingizi vya mtaani, jamii ya diazepamu) kisha akameza methadoni anaweza asiamke. Naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya methadoni na heroini, humwamsha, ila haiigusi bugizi. Tena naloksoni huisha baada ya dakika 30 hadi 90, methadoni inakaa zaidi ya siku nzima. Akifumbua macho usiende zako. Ataomba aachwe alale, mkatalieni, mpelekeni hospitali.

Mzamili: Na waliokata tamaa?

Nesi wa Bara: Uliza waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Swali halimpandikizii mtu wazo. Wengi walificha kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kwa hiyo muulize mkiwa wawili, si mbele ya majirani wa nyumba kumi. Akikubali, uliza kwa njia gani, kisha ondoa hicho kitu kwanza: dawa za shambani, vidonge, kamba. Maneno ya faraja yafuate.