Fueli ya nyuklia iliyotumika: kuzika kama Finland au kuchakata kama Ufaransa?

Mzani: Kinu cha megawati 1,000 hutoa tani 20 hadi 30 za fueli iliyotumika kwa mwaka. Finland imechimba Onkalo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba wa Olkiluoto, iizike ilivyo. Ufaransa inaipeleka kiwanda cha La Hague, inachuja urani na plutoni, na masalia makali inayeyushia kwenye kioo. Nani kapatia? Na tusitishane bure: fueli yote iliyotumika ya Marekani inaenea uwanja mmoja wa mpira.

Kisu Butu: Ulikuwa unakwenda vizuri mpaka hapo kwenye uwanja. Hiyo ni hesabu ya kubembelezea watoto.

Mzani: Matusi si hoja. Marekani ina kama tani 90,000. Mita moja ya ujazo ya vidonge vya fueli ina tani 10 hivi. Gawanya, unapata mita za ujazo 9,000. Uwanja ni mita 105 kwa 68. Kina hakifiki mita 1.5. Nioneshe kosa.

Kisu Butu: Kosa ni kupanga vidonge kama matofali. Joto litapitia wapi kutoka? Fito zenye vidonge hivyo zikitoka kinuni hukaa kwanza kwenye bwawa la kina cha mita 12 hivi, miaka 5 au zaidi. Hata zikishapoa kwa miongo kadhaa, joto la kopo la kuzikia la Finland (shaba ya sentimita 5 nje, chuma cha kusubu ndani) linapimwa kwa wati. Wasweden, wenye muundo huohuo, wameweka kikomo cha wati 1,700 kwa kopo. Sababu ni udongo wa bentonaiti unaolizunguka: ukizidi nyuzi 100 unaanza kupoteza uwezo wa kuvimba, na kuvimba huko ndiko kunakozuia maji. Ndiyo maana kila kopo lina shimo lake na yanaachana mita kadhaa. Uwanja wako umeshageuka kilomita za mahandaki, bwana.

Chumvichumvi: Mahandaki yenyewe ndiyo hayo ya Gorleben, Ujerumani, yanayoingiza maji kila siku?

Nusu Uhai: Asse, ndugu yangu, si Gorleben. Chini ya Gorleben hakikuzikwa kitu. Asse ni mgodi wa chumvi hukohuko Ujerumani, una mapipa kama 126,000 ya taka hafifu na za kati, yaliyoingizwa 1967 hadi 1978. Si fueli.

Nirudi kwenye swali. Ufaransa haijakwepa kuzika. Kioo cha La Hague kinasubiri shimo la kuzikia la kijiji kiitwacho Bure, kama mita 500 kwenye udongo mfinyanzi. Plutoni inachanganywa na urani iwe fueli mpya, lakini ile mpya ikishatumika, sehemu kubwa haichakatwi tena. Inalala kwenye mabwawa ya La Hague, na hukaa na joto muda mrefu kuliko ya kawaida.

Chumvichumvi: Pipa ni pipa. Aliyeweka pale alisema ni pakavu.

Mpita Njia: Mmeipita shaba kimyakimya! Mwaka 2018 mahakama ya mazingira ya Sweden ilisema hoja kuhusu kutu ya makopo hazijaishawishi.

Kisu Butu: Na Januari 2022 serikali ikaruhusu kuzika. Ubishi ulikuwa kama shaba inaliwa na maji yasiyo na oksijeni. Kule chini adui anayeogopwa zaidi ni salfaidi, kemikali ya salfa, na bentonaiti iliyoshindiliwa inazuia bakteria wanaoizalisha. Narudi kwenye udongo uleule. Udongo ukiharibika, shaba imebaki uchi.

Mpita Njia: Kwa hiyo serikali ikisema ndiyo, kutu inatii?

Mzani: Haya, viwanja kumi basi, roho yako itulie. Bado ni kidogo mbele ya majivu ya makaa ya mawe.

Kisu Butu: Makaa nani kayataja?

Chumvichumvi: Mwacheni ataje. Majivu ya makaa nayo yana urani.

Nusu Uhai: Nimetaja habari ya mabwawa ya La Hague, au hamkuona?