Oili ya nyuma ya trekta imekuwa nyeupe na msimu wa pili ndio huu, nifanyeje?

MamaMahindi (Kigumba)

Hamjambo wakulima. Nina trekta dogo la Kijapani, nguvu za farasi 24, lililokuja likiwa limeshatumika huko kwao. Ni la gia za mkono, si la pedali linaloendeshwa na oili. Linavuta rotaveta (mashine ya kuchimbua udongo), na wakati wa mavuno linavuta trela ya mahindi mpaka barabara kuu ya Gulu.

Dereva ameanza kulalamika kwamba mikono ya nyuma ya kunyanyulia vifaa inapanda kwa kusitasita, na asubuhi ukiwasha pampu inalia kwanza ndipo inyamaze. Nikachomoa mwenyewe kile kijiti cha kupimia oili kilicho nyuma ya kiti. Kipimo kiko sawa kabisa, katikati ya alama mbili. Lakini rangi ya oili ni ya chai ya maziwa.

Oili ya injini iko kawaida, nyeusi tu. Maji ya redieta hayapungui. Jirani ananiambia nilime kwanza, nibadilishe oili baada ya kupanda, kwa sababu mvua haingoji mtu. Na nikibadilisha niweke gani? Pale Bweyale muuzaji amenionyesha jerikeni tatu, bei tatu, na zote anasema "hii ndiyo ya haidroliki, mama".

Kijana_wa_Lira

Pole mama. Hiyo ni gasketi ya silinda hedi imeungua, maji yanaingia kwenye oili. Itisha fundi afungue injini. Huko nyuma mwaga yote uweke oili ya injini namba 40, inapatikana kila duka na bei yake si kali. Sisi kwetu tunaweka hiyo na trekta linatembea.

AfandeSpana (Masindi)

Mama, habari za Kigumba. Mimi nilikuwa karakana ya jeshi, sasa nimestaafu na natengeneza matrekta ya watu hapa Masindi, mengi ya wakulima wa miwa. Kuhusu kulima kwanza, jibu ni hapana. Hilo trekta lisilime hata robo ekari.

Kijana wa Lira, usifungue injini ya mama wa watu bure. Gasketi ya hedi ikiungua, maji yanashuka kwenye oili ya injini au yanatoka na moshi mweupe. Kufika nyuma hayana njia. Mama ameshasema oili ya injini ni nzuri na redieta haipungui. Fundi akisikia hayo mawili anaacha injini, anageukia nyuma ya kiti.

Kwenye matrekta haya madogo, lile boksi lote la nyuma ni tangi moja. Oili ileile inalainisha gia, ndiyo inayosukumwa na pampu kupandisha mikono, na kwa mengi ndiyo ambayo breki zinaogelea ndani yake. Pampu haina grisi yake wala oili yake pembeni. Inajilainisha kwa kile inachokivuta. Sasa inavuta maji nusu. Ukilima hivyo pampu inakwanguka, beringi zinashika kutu trekta likipumzika usiku, na ile filta ya karatasi inavimba kwa maji mpaka oili inapita kwa shida. Ndiyo maana unasikia kilio asubuhi: pampu inanyonya na haipati. Oili ni ghali, najua, lakini pampu huipati Bweyale. Utapanda basi mpaka Kisekka Kampala na huenda ukarudi na iliyotumika.

Kabla hujanunua oili yoyote, tafuta maji yaliingilia wapi. Watu wanalipuka mbio kununua jerikeni, wanajaza, mvua mbili baadaye oili ni nyeupe tena, halafu wanasema oili ni feki. Feki zipo, sikatai. Lakini oili feki haizai maji.

Pa kutazama ni hapa. Mpira ulio chini ya mkono wa gia, uunyanyue kabisa, usiutazame juu juu. Unachanikia kule chini palipojificha. Oringi (mpira wa duara) ya kijiti cha kupimia. Tundu la kupumulia, kijifuniko kidogo juu ya boksi ambacho mara nyingi kimevunjika au kimefunikwa na matope. Sili (mipira ya kuzuia oili isivuje) za shafti inayobeba mikono, na sili ya shafti ya PTO, ile inayozungusha rotaveta.

Halafu muulize dereva wako analiosha saa ngapi. Naomba umuulize kwa upole, asije akaficha. Trekta likitoka shambani, boksi ni la moto na hewa ndani yake imetanuka. Likimwagiwa maji ya baridi papo hapo, hewa ile inasinyaa, na boksi linavuta pumzi kupitia kila upenyo. Kama kwenye huo upenyo pana maji, linakunywa maji. Ukiongeza pampu ya presha ya hawa vijana wanaoosha magari, sili haina uwezo wa kuzuia. Trekta lioshwe likiwa limepoa, na presha isielekezwe kwenye mkono wa gia wala kwenye sili.

Kuhusu kupima. Trekta likae pa tambarare, mikono na kila kilichofungwa nyuma kishuke mpaka chini, uzime injini, usubiri kama robo saa. Ndipo uchomoe kijiti, ufute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, urudishe, uchomoe tena usome. Ukipima mikono ikiwa juu, oili nyingi iko ndani ya silinda ya kunyanyulia, kijiti kinakudanganya kwamba imepungua, unaongeza. Ikishuka inazidi. Ikizidi gia zinaipiga mpaka inatoa povu na kutafuta pa kutokea. Na kama kijiti chako kina nyuzi za kukaza, kuna matrekta yanayosomwa kikiwa kimekazwa na mengine kikiwa kimewekwa tu juu. Tofauti hiyo inabeba lita kadhaa. Kitabu kinasema; kama huna kitabu, tafuta cha modeli yako hata kwenye simu.

Pia tuhakikishe ni maji, maana povu la hewa nalo linafanya oili iwe nyeupe. Vuta oili kidogo, weka kwenye chupa tupu inayoonyesha ndani, iache mpaka kesho. Kama ni hewa, itatulia na kurudi kung'aa. Hapo tatizo ni oili pungufu au mpira wa kuvutia oili umelegea kwenye klipu. Kama ni maji, itabaki na ukungu au maji yatakaa chini. Huwezi kungoja? Pasha kipande cha bati kwenye jiko, dondosha tone moja ukiwa umesimama mbali. Oili safi inatoa moshi kimya. Yenye maji inapasuka na kuruka.

Sasa jerikeni tatu. Geuza kila moja usome mgongo, muuzaji mwache aseme. Unatafuta oili ya matrekta ya "UTTO", yaani ile inayofanya kazi ya gia, haidroliki na breki za ndani ya oili kwa pamoja. Watengenezaji wana majina yao: Kubota wanaita UDT, John Deere ni Hy-Gard na alama yake J20C, Massey Ferguson wana M1135, M1143 na M1145. Alama iliyo kwenye kitabu chako ndiyo uitafute kwenye jerikeni. Ile iliyoandikwa haidroliki 46 au 68 peke yake ni ya mashine kama tingatinga, haina dawa ya breki. Namba 40 ya injini nayo haina: breki zitalia na kutetemeka ukishuka mlima na trela. Massey la zamani lenye breki kavu ni habari nyingine, huenda ndilo la Kijana wa Lira, na kitabu chake kina maneno yake. Gia oili 140 ni nzito mno, pampu haitaivuta asubuhi. Na mtu akikushauri kuongezea oili ya breki, mfukuze shambani. Inaharibu mipira yote ndani.

Majani_Kasese

Afande, samahani naingilia swali la mama. Mimi nina la pedali la kukata nyasi za uwanja wa shule. Asubuhi lina nguvu, ikifika saa saba mchana linachoka, kilima kidogo tu linasimama. Nikipitisha mkono kwenye mipaipu chini nasikia unyevu wa oili lakini sioni panapovuja.

AfandeSpana (Masindi)

Kasese, kwanza huo mkono utoe hapo! Injini ikiwa inawaka, paipu ya presha yenye tundu dogo kama ncha ya sindano inapitisha oili kwenye ngozi mpaka ndani ya nyama, na wewe unasikia mchomo mdogo tu. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali ya upasuaji saa ileile, watu wamekatwa vidole. Tumia kipande cha kadibodi, kipitishe karibu na paipu, palipolowa ndipo panapovuja. Kukaza kaza ukiwa umezima na kushusha kila kitu.

Kuchoka kwa joto: la pedali linaendeshwa na oili yenyewe, na oili ikipata moto sana inakuwa nyepesi, inapita pembeni badala ya kusukuma. Anza na vya bei ndogo. Kipimo cha oili, filta ya haidrostatiki, yaani ya huo mfumo wa pedali (mengi yana filta yake peke yake, usichanganye na ile nyingine), na mapezi ya kupozea pamoja na feni yake. Wewe unakata nyasi, bila shaka yamejaa majani. Safisha kwa brashi. Vyote vikiwa sawa na bado linachoka, pampu imelika, na hapo sina maneno matamu.

MamaMahindi (Kigumba)

Afande, asante sana. Chupa niliiweka dirishani. Asubuhi maji yako chini, unene wa kidole, na juu bado ukungu. Mpira wa gia kwa juu ni mzima, nikaunyanyua kama ulivyosema: upande wa chini umechanika nusu mzunguko, na ndani kuna matope. Dereva anasema analiosha jioni likitoka tu kazini ili asubuhi liwe tayari. Kwa kweli alikuwa anafanya kwa nia njema.

Plagi ya chini ina sumaku, imeshika tope la kijivu. Je, gia zimekufa? Na nikimwaga mara moja inatosha? Fundi wa hapa anataka kuosha ndani kwa dizeli. Tena kuna mzee ananiomba oili chafu apake nguzo za ua wake, mchwa wanamsumbua.

AfandeSpana (Masindi)

Tope la kijivu laini ni kawaida, ni vumbi la chuma la miaka. Lisugue kati ya vidole. Usiposikia punje wala vipande, gia zako ni hai. Ukikuta kipande chenye kona, kihifadhi, piga picha, tupia hapa.

Mara moja haitoshi. Fanya hivi: trekta lisimame usiku kucha bila kuwashwa. Asubuhi legeza plagi pole pole, usiitoe. Maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia. Yakiisha na oili ikaanza kufuata, kaza. Washa, lipate uvuguvugu, shusha mikono, zima, ndipo umwage yote. Plagi si moja. Tazama chini ya boksi katikati, kisha chini ya ekseli karibu na kila gurudumu la nyuma. Ukiziacha hizo za pembeni, umeacha maji ndani na yatachafua oili mpya. Chujio la waya lioshe kwa dizeli ukiwa umelitoa nje, likauke kabisa. Filta ya karatasi tupa.

Dizeli ndani ya boksi na injini inawaka, mwambie fundi hapana. Pampu itazunguka bila ulainisho. Badala yake jaza oili ya aina ileile ya UTTO, ile ya bei ya chini kati ya zinazofaa, mpaka alama ya chini. Tembeza trekta bila kazi nzito, pandisha na kushusha mikono mara nyingi, mwaga tena. Ikitoka na ukungu mzito, rudia. Ikitoka karibu safi, weka filta mpya na oili nzuri. Najua inauma: matrekta ya ukubwa huo mengi yanameza kati ya lita 15 na 30, na unalipa mara mbili. Nunua kwa kipimo cha kitabu chako, usinunue kwa kukisia. Baada ya kujaza washa dakika chache, pandisha mikono, shusha, zima, pima tena, kwa sababu filta na mipaipu vimekunywa yao.

Mpira wa gia lazima uwe umefika kabla ya oili nzuri. Usipopata wa kwake, kuna mafundi wanakata wa gari na kuufunga kwa klipu juu na chini. Si mzuri wa kutazama lakini maji hayapiti.

Mzee wa nguzo mpe kidogo kama anapaka mbali na kisima na mboga, na avae glavu. Inayobaki weka kwenye jerikeni yenye kifuniko, isimwagwe kwenye mfereji. Ulizia karakana kubwa za mjini, nyingine huipokea.

Ukianza kulima, chomoa kijiti kila asubuhi kabla ya kuwasha. Wiki ya kwanza ukiona ukungu unarudi kidogo, usishtuke: legeza plagi asubuhi, toa matone, endelea. Ukirudi kuwa mweupe kama mwanzo, kuna upenyo mwingine hatujaupata, na mimi ningeanza na sili za shafti ya mikono.