Samaki wangu amehukumiwa kwa kidole gumba chenye mafuta ya bajia

Mwana wa Chumbageni:
Ndugu zangu wafugaji wa samaki wa mapambo, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka. Yule bwana mnayemjua, ambaye sina haja ya kumtaja, leo alasiri hapa Raskazone ameishika picha ya samaki wangu wa anemoni (wale wenye alama nyeupe, wanaoishi ndani ya anemoni, mnyama wa baharini anayefanana na ua), niliyesema huenda ni chotara, akaufunika mkanda mweupe wa katikati kwa kidole gumba kilichojaa mafuta ya bajia, kisha akatangaza mbele ya watu wote, "Huyu ni yule wa katuni, ana njaa tu." Kicheko kilichofuata nina hakika kimesikika Pemba.

Wa katuni! Samaki huyo, Amphiprion ocellaris, haishi katika bahari yetu. Kwao ni mashariki ya Bahari ya Hindi na magharibi ya Pasifiki. Huku kwetu utamkuta ndugu yake allardi, mwenye mwili wa hudhurungi iliyokolea, mikanda miwili myeupe na mkia mweupe, au akallopisos wa rangi ya chungwa, mwenye mstari mmoja mweupe uliolala mgongoni. Wangu ana mkanda mzima kichwani, lakini ule wa katikati umekatikia nusu, na mgongoni pana doa jeupe lililorefuka kama punje ya mchele. Sikusema ni chotara wa hao wawili, nilisema huenda. Yeye angeuonaje mkanda ambao kidole chake kilikuwa juu yake?

Tena akaongeza, eti chotara hawapo baharini! Leucokranos, mwingine wa jamii hii, alipewa jina la spishi kamili mwaka 1973, na leo inajulikana kuwa ni mtoto wa spishi mbili, chrysopterus na sandaracinos, huko Papua New Guinea na Visiwa vya Solomon. Alama ya kidole bado ipo kwenye picha, nimeifuta mara tatu haitoki.

Binti Makorora:
Pole sana kaka. Bwana huyo angeonyeshwa silikanti, yule samaki wa kale, aliyevuliwa hapahapa Tanga, angesema ni kibua aliyezeeka.

Mzee wa Sahare:
Mwanangu, picha ni moja, tena ya ubavu wa kushoto. Ikiwa mkanda wa kulia ni mzima, basi huenda hiyo ni kasoro ya mkanda tu, wala si damu ya wawili. Umehesabu miiba ya pezi la mgongoni? Ndani ya anemoni alikuwa na mwenzi wa aina gani? Hayo hukuyaandika, ila kidole umekieleza hadi nimekisikia harufu.

Mwana wa Chumbageni:
Shikamoo mzee. Ubavu wa kulia nitaupiga picha kesho asubuhi. Lakini kidole, mzee wangu! Mbele ya watu!

Baharia Mkavu:
Afadhali wewe umefunikiwa picha. Mimi kuna muuzaji, nanyi nyote mnamfahamu, aliniuzia "chotara adimu wa mikanda mitatu" kwa bei ya mbuzi, na baada ya miezi michache mkanda wa tatu ukatoweka, kwa sababu alikuwa mtoto tu, na spishi kadhaa za jamii hii hupoteza mikanda wanapokua.

Binti Makorora:
Yule mwenye taa za buluu dukani? Chini ya taa zile hata akallopisos anaonekana wa zambarau. Mimi sasa humwambia amtie samaki kwenye ndoo nyeupe, amlete nje, juani.

Baharia Mkavu:
Ndiye huyo huyo. Nami alikataa kumtoa nje, akadai jua litamchubua.

Mzee wa Sahare:
Kwangu alidai ndoo imetoboka.